Yangeyange Asiye na Wino

Asubuhi ile karakana ya Yasuke ilinuka tope la bwawa. Bwawa lenyewe liko wapi hapo mtaani Kanda? Hakuna! Mji wote wa Edo naujua kama kiganja changu, msinibishie.

Yasuke alikuwa mpiga chapa wa picha za ndege. Wenzake walipaka rangi. Yeye yangeyange wake, ndege mweupe wa mabwawani, alimchapa bila tone la wino. Alilaza karatasi yenye unyevu juu ya bamba la mti wa mcheri lililochongwa, akaikandamiza kwa kiwiko mpaka manyoya yakavimba. Ukimtazama ndege huyo hivihivi, huoni kitu. Iinamishe karatasi kwenye mwanga, unyoya mmoja mmoja unasimama. Nimeona matajiri wakisahau chai mkononi.

Mkewe, Otase, alimkuta ameegemeza kiwiko kwenye jiko la makaa.

"We bwana! Unaungua!"

Yasuke akautazama mkono kama wa jirani. "Kumbe. Sisikii kitu. Jana vilikuwa vidole tu."

Otase akaishuku picha ile, akamkimbilia Gonroku, mchongaji wa mabamba.

"Shemeji, ndege huyu ulimchonga kwenye bamba gani?"

"La zamani, shemeji. Mgongo wake ulikuwa mtupu."

"Na upande wa pili?"

Gonroku akajikuna kisogo. Walipolirudia bamba karakanani na kuligeuza, uso wa mwigizaji marehemu ukawakodolea: picha ya maombolezo, mojawapo ya zile zinazouzwa mwigizaji akifa.

"Nilitaka kuuranda kwanza," akanong'ona. "Nikapitiwa."

"Umepitiwa! Mume wangu anamkandamiza maiti kwa kiwiko mchana kutwa, we umepitiwa!"

Mtawa wa hekalu la jirani akaitwa. Akaugusa mkono wa Yasuke, akashusha sauti. "Ganzi hii ikifika moyoni, mama, umempoteza. Randeni sasa hivi."

Mtawa akasoma sala, Gonroku akaranda, na kadiri uso ule ulivyochunika ndivyo harufu ya tope ilivyozidi, maji yakatiririka kutoka kwenye bamba lile kavu, mabawa mabichi yakapigapiga chini ya mikeka, na karatasi zote zilizoanikwa kambani zikageuka polepole, bila upepo, zikamwelekea Yasuke, naye amekaa tu, hapepesi macho, kama anayesubiri zamu ya kinyozi.

Kisha kimya. Harufu ikakatika. Wakachoma maranda.

"Marehemu ameondoka," akasema mtawa.

Otase akacheka huku analia, akapandisha mkono wa kimono ya mumewe ili amfunge jeraha. Jeraha halikuwepo. Ngozi nyeupe, laini.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

Akamfinya begani. "Na hapa?"

"Hapana, mke wangu. Kwani unanifinya?"

Otase akafanya jambo ambalo yeyote wa nyumba ile angefanya: akamgeuza mumewe ubavu, akamwinamisha kwenye mwanga wa dirishani.

Kutoka kiwikoni, kupita bega, mpaka kifuani upande wa kushoto, manyoya yakasimama, unyoya mmoja mmoja.