Pikipiki Nyekundu ya Vilas

Sisi na akina Vilas tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Asubuhi namsikia Surekha, mkewe, akipiga mkate wa mtama kwa viganja. Namsikia binti yao, Gauri, akilia kwamba anasukwa kwa nguvu. Namsikia na Vilas akiuliza soksi zake ziko wapi. Soksi za bwana huyu hupotea kila siku ya Mungu.

Vilas anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Kila Jumapili alikuwa akimpeleka Surekha kijijini kwao, juu mlimani, kumwona mama yake. Mama huyo alikuwa mgonjwa wa moyo. Basi la kupanda huko halina uhakika, na mvua zikianza halipiti kabisa. Pikipiki ndiyo iliyokuwa njia ya Surekha ya kumfikia mama yake. Hakuwa na nyingine.

Mwaka jana pikipiki yao ya zamani ilikufa. Vilas akaja kwetu kunywa chai, simu mkononi.

"Shemeji, tazama hizi mbili," akaniambia. "Ipi nzuri?"

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya mbio. Kichwa chini, mkia juu. Ya pili ilikuwa ya safari ndefu, pana, usukani wake wa juu.

"Hii ya pili inafanana na nyati aliyeshiba," akasema, akacheka peke yake.

Mume wangu, Nandu, anauza dawa kwenye maduka ya wilaya tatu. Kutwa yuko juu ya pikipiki. Makalio yake yanajua kila shimo la nchi hii.

"Nani atakaa nyuma?" Nandu akauliza.

"Surekha. Nani mwingine?"

"Basi nenda naye dukani. Akae juu yake. Mzunguke naye kidogo."

Vilas nusura amwage chai. "Kaka Nandu! Umemwona nani akienda na mke kununua pikipiki? Wanawake wananunua sari. Wenzangu kiwandani watanicheka mpaka nistaafu."

"Wacha wacheke."

Lakini Vilas alikuwa ametia pamba masikioni. Alikwenda na marafiki zake, kama wanaume wote wa hapa. Jioni akarudi na ile nyekundu, imevishwa shada la maua ya manjano. Surekha akatoka na sinia la taa kuibariki, kama desturi yetu. Akaipaka taa ya pikipiki unga mwekundu, akavunja nazi, akaweka ndimu chini ya tairi ili ipondwe. Maskini, alifurahi kweli.

Mimi macho yangu yalikwenda kwenye gurudumu la nyuma. Pembeni mwake huwa pana wavu wa chuma, kinga ya kuzuia sari isiingie. Haukuwepo.

"Baba Gauri, kinga ya sari iko wapi?" nikauliza.

"Nimewaambia waitoe. Pikipiki ya mbio haivai sketi, shemeji!"

Marafiki zake wakaangua kicheko. Surekha naye akacheka kidogo.

Jumapili wakaondoka. Wanawake wengi wa hapa tukivaa sari tunakaa upande, miguu yote miwili kushoto. Kwenye ile nyekundu kiti cha nyuma kilikuwa kidogo, kiko juu, kimeinama mbele. Hapakuwa na pa kushika. Hapakuwa na pa kuweka miguu yote. Kila breki, Surekha aliteleza akamgonga mumewe mgongoni. Vilas mwenyewe alikuwa ameinama, viganja vinamuuma, lakini aseme nini?

"Baba Gauri, simama. Nimekaa vibaya."

"Vumilia kidogo, tumeanza kupanda."

Walipofika kwenye tuta, kiti kikamrusha. Surekha akashika shati la mumewe kwa mikono miwili. Ncha ya sari ikamtoka mkononi, ikaingia kwenye mnyororo. Ikamvuta, ikamtupa barabarani.

Mungu alisaidia, walikuwa mwendo mdogo. Hata hivyo mguu ulivunjika, na mfupa wa bega pia. Daktari akamkataza kushuka kitandani.

Kila jioni mama yake alipiga simu. Nilikuwa namsikia Surekha ukutani.

"Ndiyo, mama. Jumapili ijayo. Kuna mvua tu huku."

Hakumwambia habari za kuanguka, kwa ajili ya moyo wake. Jumapili ijayo ikawa nyingine, na nyingine. Mwezi wa saba, mvua zikiwa zimepamba moto, mama akafariki.

Vilas alihangaika akapata gari la kukodi. Wakambeba Surekha mpaka mlimani. Lakini kwetu maiti haicheleweshwi. Walipofika, mama alikuwa ameshatolewa nyumbani na kuchomwa. Surekha hakuuona uso wake.

Baada ya matanga Vilas akaja kwetu, akakaa kizingitini. Nilikuwa nimemwekea maneno yake, makali. Nilipomwona nikayameza, nikaweka chai jikoni.

"Kaka Nandu," akasema, "nimemnyima mke wangu mama yake. Kwa sababu ya sura ya pikipiki." Akalia kama mtoto.

Nandu akakaa naye muda mrefu. Mwishowe Vilas akauliza, "Nilikosea wapi? Niambie yote."

"Pikipiki ile si mbaya," Nandu akasema. "Ni ya kijana aliye peke yake, kwenye barabara laini. Anainama, uzito wake unaangukia viganja. Wewe una mke, una mtoto, una mlima na matuta."

"Na ile ya safari?"

"Unakaa wima, mgongo unapumzika. Shokapu zake ni laini. Kiti cha nyuma kipana, hakiinami. Kuna chuma cha kushika na kikanyagio kirefu cha kushoto. Na kinga ya sari, Vilas, usiitoe hata siku moja."

"Sitaitoa."

"Tena kukaa upande ni hatari hata kwenye pikipiki nzuri. Akiweza, avae suruali, akae mguu huku mguu huku. Akivaa sari, achomeke ncha kiunoni kabla hujawasha. Na helmeti, nyote wawili."

Surekha alipopona, Vilas alimpeleka dukani mchana kweupe. Rafiki zake wawili walikuwepo, wanatabasamu. Muuzaji akaanza kumweleza Vilas habari za kasi.

"Muulize yeye," Vilas akasema. "Ndiye anayekaa nyuma."

Surekha akakaa, akashuka. "Hiki kinanitelezesha." Akakaa kwenye nyingine, wakazunguka nayo mpaka kituo cha basi na kurudi. "Hii," akasema. Ilikuwa ile inayofanana na nyati. Wakatoa nyekundu na kuongeza pesa, kwa hasara, na Vilas hakubishana.

Sasa kila Jumapili wanapanda mlimani kumwona baba yake Surekha, aliyebaki peke yake. Surekha anavaa suruali na kanzu fupi, anafika bila maumivu. Juzi walimshusha mzee mjini kwa daktari wa macho. Alikuwa hajawahi kukubali kupanda pikipiki.

Nilikuwa nje naanika pilipili waliposimama. Mzee akashuka polepole, akapapasa kile kiti.

"Pikipiki nzuri hii, mwanangu," akamwambia Vilas. "Sikuumia popote."

"Ahsante, baba."

"Mama yake Surekha alikuwa akikaa mlangoni kila Jumapili, akiwangoja. Ilikuwa wapi hii mwezi wa saba?"

Aliuliza tu, bila ubaya. Surekha akageuka, akajifanya anatafuta ufunguo.

"Sikuwa nayo bado, baba," Vilas akasema.