Anayeitaka Aje Aichukue

Gauni la mteja lilikutwa limepasuliwa ubavuni, upande wa kushoto, kisha likashonwa tena kwa mshono mzuri kuliko wa fundi mwenyewe.

"Fundi, huu mfuko wa siri umeniwekea nikaibe nini?" mteja alicheka.

Fundi naye akacheka, akaomba radhi, akafumua. Kesho yake shati la mtu mwingine likawa na mpasuko uleule, ubavu uleule. Kicheko kikamkauka.

Mdogo wake wa kiume alikuwa amelazwa hospitalini, figo zimekufa, na madaktari walishakubali kwamba yeye, dada yake, ndiye wa kumpa moja. Tangu habari ienee, nyumba ilikuwa haikaliki. Majirani walimkodolea macho tumboni kama mwenye mimba ya aibu. Shangazi aliyewalea ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

"Utarudi kwa Muumba wako na pengo, mwanangu? Akikuuliza figo ya pili iko wapi, utasema umeigawa?"

Maneno hayo yalirudiwa hadi siku moja fundi akabwaga mkasi mezani. "Shangazi, si yangu tena! Nimeshaitoa. Anayeitaka aje aichukue!"

Hakutaja jina. Katika ukoo wao kitu hakitolewi hivyo. Hata kibakuli cha chumvi hutajiwa anayepelekewa. Na nguo zilianza kupasuka tangu siku hiyo.

Kisha ikaja harufu, ya nyama mbichi iliyooshwa ikasahauliwa kwenye beseni. Halafu, mchana kweupe, fundi akiwa jikoni, cherehani ikaanza kukanyagwa taratibu, kama na mtu anayejifunza, na alipochungulia aliona kiti kimebonyea na sindano inapanda na kushuka pasipo kitambaa, na alipotaka kurudi nyuma vidole vya baridi vikampapasa ubavu wa kushoto, polepole, kwa adabu, kama fundi anayempima mteja asiyetaka kumkosea, na sauti karibu na sikio lake ikanong'ona, "Ni hii?"

Shangazi akaleta mganga. Mganga akafukiza, akatega sikio, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alimwambia aje?"

Shangazi akamgeukia fundi. "Sema umeghairi, mwanangu. Sema hutoi, aondoke."

"Na mdogo wangu je?"

Shangazi akamtazama mganga.

"Ughairi, au umtaje mwenye nayo," mganga akasema. "Kisicho na mwenyewe ndicho anachokifuata."

Cherehani ikaanza kwenda mbio. Fundi akajishika ubavu, akapaza sauti: "Ni ya mdogo wangu, niliyelala naye tumbo moja!" Akamtaja kwa jina lake lote, hadi la babu.

Cherehani ikanyamaza. Harufu ikakatika. Shangazi akaangua kilio, akamkumbatia. "Basi mpe, mwanangu. Mpe apone."

Walikuwa bado wameshikana simu ilipoita.

"Dada, mgeni wako amefika huku wodini."

"Mgeni gani?"

"Huyu uliyemtuma. Anasema umemtajia jina langu."

"Usimkaribishe! Unanisikia? Usimwitikie!"

Sauti ya mdogo wake ikasinyaa.

"Lakini dada, alipiga hodi kwa sauti yako."