Kinu Kilichowaandama

Abbas, rafiki yangu mwenye duka la vitambaa Mikindani, hana anachokisifia. Jumapili moja mkewe, Alia, alimbembeleza wazunguke pwani kwa gari hadi Msimbati. Njia nzima mume alibeza tu. "Mikorosho na mchanga! Hii ndiyo mandhari uliyonitoa nyumbani nije kuitazama?"

Baada ya alasiri wakapotea. Mikorosho ilifungamana juu yao, kukawa giza kama ndani ya ghala, na mahali fulani karibu mtu alikuwa anatwanga. Du. Du. Du.

"Simama tuulize njia, baba," Alia alisema.

"Nimuulize nini mshamba? Watu hawa hawajui kushoto wala kulia."

Akakanyaga mafuta. Kinu hakikubaki nyuma. Kilisikika pale pale, ubavuni mwao. Abbas akapandisha vioo vyote, akazidisha mwendo. Sasa mchi ulidunda nyuma ya kisogo chake, na kiti alichokalia kikatikisika.

"Usigeuke," Alia alinong'ona.

Walipotokeza kwenye mwanga wa bahari, sauti ilikoma. Abbas akageuka. Kiti cha nyuma kilijaa unga wa muhogo. Katikati ya unga palikuwa na alama ya kiganja, nayo ilizidi kudidimia.