Nyumba Mpya ya Paka wa Mama Ngoie

Katika ukoo wetu mambo haya husimuliwa mchana tu, na hata hivyo mlango huachwa wazi.

Jumamosi ile ilianza vizuri. Hortense alikuwa uani kwake, mtaa wa Katuba, akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mara kwa mara alisimama kujifuta jasho na kujibu salamu za wanawake waliopita na ndoo kuelekea bombani. Katuba bado ilikuwa mpya siku hizo, nyumba zimepangwa kwa mistari kama Wabelgiji walivyozichora, matofali bado mekundu. Mumewe, Adrien, alikuwa mjini Élisabethville, akishona suruali katika duka la Mgiriki mmoja. Mama mkwe wake, Mama Ngoie, alikuwa amezikwa juma lililotangulia. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Hortense alikuwa anatwanga bila mtu wa kumwambia kwamba anatwanga vibaya.

Ndipo aliposikia kikohozi ndani ya nyumba.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, chenye pumzi ya dharau mwishoni. Mchi ulimtoka mkononi. Kikohozi hicho alikuwa amekisikia nyuma ya ukuta kwa miaka. Aliingia taratibu. Kwenye kiti kifupi cha Mama Ngoie, kile ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, alikuwa amekaa paka wa marehemu, paka wa kijivu mwenye sikio lililochanika. Alimtazama Hortense. Akafungua mdomo, akakohoa tena.

Mama Ngoie alikuja kwa treni kutoka Kabalo, na alipofika hakuondoka tena. Mbele ya watu alikuwa mama mpole, rozari mkononi, mstari wa kwanza kanisani. Wakibaki wawili, alimwinamia mkwewe na kumwita "Chungu Tupu", kwa sababu Hortense alikuwa hajazaa. Alimwita hivyo kwa kunong'ona, huku akitabasamu, ili mtu akichungulia aone mama na mkwe wanaopatana. Hortense hakumwambia mtu. Adrien angemwamini vipi? Adrien alikuwa mwanamume wa kumenyewa ndizi na mama yake, na ndevu zake zote.

Sasa paka akaendeleza pale mama alipoachia. Alikojoa kwenye unga. Alilala katikati ya mume na mke, na Hortense akinyoosha mkono kumgusa mumewe, alirudisha mkono wenye damu. Adrien hakuwahi kukwaruzwa. Baiskeli yake ikikaribia tu, paka alikuwa tayari mlangoni, na Adrien alimpa samaki kabla hajamsalimia mkewe.

Siku paka alipompasua Hortense karibu na jicho, Adrien alitazama kidonda muda mrefu.

"Sawa," alisema. "Umutafutie nyumba ingine. Lakini pa bantu bazuri, Hortense. Usimutupe. Ile ni kitu ya mama."

"Na mimi niko kitu ya nani?"

Adrien alikuwa ameshainama kumkuna paka shingoni.

Wa kwanza kumchukua alikuwa Ngalula, jirani kutoka Kasai, muuza samaki wakavu, aliyesumbuliwa na panya. Alimpakia paka kwenye kikapu akicheka. Kesho yake asubuhi alikirudisha. Hakuingia. Alikiweka chini nje ya ua na kuzungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba kikapu kinasikiliza.

"Mama Hortense, bukwe wako alikuwa anakohoa namna gani?"

Hortense alitazama kikapu.

"Nilisikia muntu anakohoa mu chumba ya batoto. Nikaingia. Batoto bote balikuwa macho. Banaangalia kiti." Ngalula alifunga kitenge chake upya, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri. "Ukiniona mu soko, usinisalimie kwanza. Unisamehe."

Kisha Hortense alimpeleka paka kwa masista wa misheni, waliokuwa na ghala la mahindi. Sista wa jikoni alimpokea kwa furaha na kumfungia ghalani kwa ufunguo. Mvua kubwa ilimkuta Hortense njiani, mvua ya Novemba inayogeuza barabara kuwa mto, akafika kwake kitenge kimeganda mwilini. Alisukuma mlango.

Paka alikuwa kwenye kiti.

Alimgusa mgongo. Hakuwa na tone moja la maji.

Alikuwa bado amesimama hapo, akitiririka, wakati Wivine alipobisha hodi. Wivine alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyemwita Yaya kama wadogo wamwitavyo dada mkubwa, msichana wa kucheka kwa sauti, ameolewa karibuni na Rigobert, mchochea moto wa garimoshi. Walipanga nyumba ndogo kule Naviundu, ng'ambo ya mto, na Rigobert akisafiri, Wivine alikaa peke yake hadi kuta zikamchosha.

"Yaya! Huyu ni nani?"

Aliketi chini, akapigapiga mapaja yake kumwita. Paka alishuka kitini. Alitembea polepole, akapanda mapajani mwa Wivine, akajikunja, akaanza kunguruma kwa raha. Hortense hakuwahi kumsikia akinguruma.

"Angalia, ananipenda. Yaya, unipatie huyu. Rigobert akiondoka niko peke yangu, ninasema na sufuria."

Hortense alikuwa na maneno yote mdomoni. Kiti. Kikohozi. Watoto wa Ngalula. Aliyahisi kabisa kwenye ulimi. Akatazama mikono yake iliyojaa makovu, akawaza kulala usiku mmoja, mmoja tu, karibu na mumewe.

"Umubebe," alisema. "Ni paka muzuri."

Wivine alipotoka amembeba begani, paka alikuwa amegeuza uso nyuma. Alimtazama Hortense mpaka walipopotea kwenye kona.

Zikaja siku za amani. Hortense alilala. Unga ulikaa safi. Hata alimbembeleza Adrien, na Adrien alimwitikia, lakini kama mtu anayejibu salamu ya mgeni. Halafu Jumapili moja Adrien alisema anaenda Naviundu kuangalia paka. Jumapili iliyofuata akaenda tena. Baadaye akawa anapitia huko akitoka kazini, anarudi gizani, anakataa bukari, ugali aliousonga Hortense.

"Nimekula."

"Wapi?"

"Nimekula, Hortense."

Nguo zake zilinuka tumbaku. Adrien hakuvuta.

Mwanamke yeyote angewaza alichowaza yeye. Aliwaza hivyo wakati akifua, akipika, akisali. Mumewe na mdogo wake. Ule ubaya wa kuwaza hivyo ulimkalia kifuani kama jiwe, na alasiri moja akajifunga kitenge, akatembea kwa miguu mpaka Naviundu, akitaka kuwakuta, na akiomba asiwakute.

Jua lilikuwa bado juu. Watoto waliogelea mtoni wakipiga kelele. Baiskeli ya Adrien ilikuwa imeegemea ukuta wa Wivine, na mlango ulikuwa wazi nusu. Hortense alisogea bila viatu. Akachungulia.

Hawakuwa kitandani. Ingekuwa heri.

Wivine alikuwa amekaa kwenye kigoda, kampa mgongo, mabega yameinama. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa kwa fundo la mbele, kama wazee wa Kabalo. Alikuwa anavuta sigara kwa namna ya wale bibi wa zamani, moto umeingizwa ndani ya mdomo. Wivine, ambaye moshi wa kuni tu ulimtoa machozi. Na chini, sakafuni, amekunja miguu kama mtoto, alikaa Adrien. Wivine alimega bukari, akaifinyanga, akaichovya kwenye mchuzi. Adrien alifungua mdomo. Akalishwa.

Hortense alishika ukingo wa mlango.

"Chungu Tupu imefika," Wivine alisema, bila kugeuka. "Ingia. Maji yangu ya kuoga iko wapi?"

Sauti ilikuwa ya Wivine. Maneno hayakuwa yake. Jina lile hakuna aliyelijua, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo Hortense alimwosha mwenyewe kabla ya kuzikwa.

Alirudi nyuma. Akapiga hatua nyingine. Mgongo wake ukagonga mtu, akataka kupiga kelele, mkono ukamziba mdomo. Alikuwa Rigobert, na nguo zake za kazi, makaa ya mawe usoni. Alimvuta mpaka nyuma ya jiko.

"Shemeji," Hortense alinong'ona, "paka. Tumubebe ile paka, nitamurudisha kwangu. Iko wapi?"

Rigobert alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Paka? Nilimuzika zamani. Asubuhi ya kwanza tu, nilimukuta pa kitanda, pembeni ya Wivine. Alikauka kama ngozi ya ngoma. Ndani hamukuwa kitu." Alipangusa makaa usoni. "Sasa mimi ninalala pa gare ya treni, na bafanyakazi benzangu. Yaya, uniambie. Nani anakaa mu nyumba yangu?"

Hortense angeweza kukimbia. Njia ilikuwa wazi, jua lilikuwa bado linawaka. Alilifikiria hilo. Kisha akamkumbuka Wivine akitoka na mzigo ule begani, akicheka. Akarudi. Akaingia, akapiga magoti mbele ya mdogo wake.

Akiwa karibu hivyo, aliona jinsi ngozi ya Wivine ilivyoshuka chini ya macho. Mdomo wake ulikuwa na malengelenge kwa ndani.

"Mama," Hortense alisema. "Umuachilie mutoto. Hakukukosea."

"Wewe ulinifukuza."

"Nilifukuza paka."

"Na mule mulikuwa nani? Ulijua." Wivine alitabasamu, tabasamu lile la mbele ya watu. "Ulijua, na ulinipatia yeye. Ndugu yako. Mimi sikukulazimisha."

Hortense alimtazama mumewe. Adrien alikuwa bado na mdomo wazi, akingoja tonge.

"Basi kuya kwangu," Hortense alisema. "Utoke kwake, uingie kwangu. Mimi mwenyewe ninakuita."

Hata watoto kule mtoni walinyamaza. Wivine aliinama polepole, mpaka paji lake likagusa paji la Hortense. Lilikuwa la baridi, kama jiwe la kusagia alfajiri.

"Nitakuja siku nitapenda," alinong'ona.

Halafu sigara ikamdondoka. Akatema majivu na damu. Akashika mdomo wake kwa mikono yote miwili, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, ya kitoto: "Yaya, mdomo unaniunguza! Yaya, nani amenichoma?"

Hortense alimkumbatia. Juu ya bega la mdogo wake alimwona Adrien akitazama pembe zote za chumba, moja baada ya nyingine, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Macho yake yalipomfikia mkewe, yalikuwa na chuki tupu.

"Umemufukuza mara ya pili," alisema.

Wivine alipona. Mdomo ulipona kwanza, usingizi baadaye. Rigobert akarudi nyumbani, na kabla ya kiangazi kwisha tumbo la Wivine likaanza kuonekana. Lakini siku moja, wakichagua mchele pamoja, aliuliza bila kuinua uso:

"Yaya. Siku ulinipatia paka. Ulijua?"

Hortense angeweza kudanganya.

"Nilijua."

Wivine aliendelea kuchagua mchele mpaka ukaisha. Alipojifungua mtoto wa kike, Katuba nzima ilienda Naviundu kumwona. Hortense alifika na sabuni na kitenge kipya. Wivine alivipokea, akashukuru vizuri sana, na mtoto hakumpa ambebe. Si siku ile. Si siku nyingine.

Hortense akabaki kungoja. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, na hakuna aliyeiona. Kila asubuhi alitazama mikono yake kama bado ni yake. Alisema jina lake peke yake, jikoni, kusikiliza sauti. Alikula sukari kuona kama bado anaipenda. Miezi ikapita, hakuna kitu. Akaanza kuamini kwamba kizee kile kilisema tu ili kumtesa.

Kisha Adrien akaamua kumwaga saruji sebuleni. Alifanya kazi hiyo Jumamosi mchana kutwa, akalainisha sakafu mpaka iking'aa, akatia komeo mlango wa mbele. Wao wakapitia jikoni kwenda kulala, wasiikanyage.

Hortense aliamshwa na ukimya. Palikuwa pameshapambazuka. Adrien alikuwa amesimama penye pazia la chumba, anatazama sebule.

Kwenye saruji palikuwa na nyayo za mtu, miguu mitupu. Zilianzia mlango wa mbele, ambao komeo lake lilikuwa bado mahali pake. Zilivuka sebule kwa hatua fupi, bila haraka, mpaka kwenye pazia. Zote zilikuwa zinaingia. Hakuna uliotoka.

Adrien alielekeza tu kidole, kwanza kwenye unyayo, kisha kwenye mguu wa mkewe.

Hortense aliinua mguu wa kushoto. Ulikuwa safi, hauna chembe ya saruji. Aliushusha ndani ya alama iliyo karibu. Kidole kwa kidole, ulienea. Hata ule mpasuko wa kisigino chake, uliopinda kidogo kama mundu, ulikuwa umechorwa pale chini, na saruji ilikuwa tayari ngumu kama jiwe.

"Adrien," alisema. Ilikuwa sauti yake. Alikuwa na hakika ilikuwa sauti yake. "Adrien, ni mimi."

Mumewe alimtazama, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Hortense hakuwahi kupewa katika ndoa yao yote. Akachuchumaa mbele yake. Akapiga makofi mawili ya taratibu, kama wanavyosalimiwa wazee kule Kabalo.

"Umelala muzuri?" aliuliza, macho chini kwa heshima.

Adrien alimsalimia hivyo kila asubuhi, mpaka yeye mwenyewe alipokufa.