Mstari wa Mkaa Ukutani

Kila Jumatatu asubuhi, Annuarite alichota maji, akafagia uwanja wa nyumba yao katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kisha akachora nukta moja ya mkaa ukutani na kuiunganisha kwa mstari na ile ya wiki iliyopita. Nukta hiyo ilionyesha idadi ya mikoba ya shule ambayo baba yake, Lwaboshi, alikuwa amekwisha kuwauzia wanafunzi, aliyoishona kwa magunia matupu ya unga. Lwaboshi alikuwa fundi cherehani aliyekimbia vita kule Uvira, Kongo, na binti yake huyo mmoja.

Mwalimu Théophile ndiye aliyewaagiza wanafunzi wake wa sekondari wafuatilie kitu kinachoongezeka. Mwanzoni Annuarite peke yake alikuwa na mkoba. Wenzake wakautamani. Mstari ukapanda polepole, halafu ukapaa. Lwaboshi, ambaye hakusoma sana, aliupenda kuliko ahadi zote za wakubwa wa kambi.

Lakini sasa mstari ulianza kulala, haupandi tena kama zamani. Annuarite akaona aibu, akaongeza nukta za uongo hadi karibu na paa.

"Ona!" Lwaboshi akachekelea. "Leo jioni nampa Nahayo wa duka la unga baiskeli yetu, naye ananipa magunia yake yote. Wakubwa walishindwa kutupatia kazi, mkaa wa mtoto wangu njo unatupatia!"

Annuarite aliondoka bila kumaliza uji wake. Hawakuwa na baiskeli nyingine.

Darasani akauchora mstari uleule ubaoni. Mwalimu akautazama.

"Shule yetu ina wanafunzi mia mbili. Wewe umefika mia tatu. Hao mia wengine ni mbuzi?"

"Mbuzi wa kwao Douce wanasoma, Mwalimu!" Rodrigue, mwanafunzi mwenzake, akadakia, akimwonyesha Douce kwa kidole. Darasa likaangua kicheko.

Annuarite akainamisha kichwa. "Nimedanganya, Mwalimu. Mstari ulianza kulala, nikadhani nimeshindwa."

"Futa. Chora wa kweli."

Akachora. Mwalimu akagonga ubao kwa chaki. "Kasi ya mstari kupanda inatokana na idadi ya wenye mikoba, ukizidisha kwa idadi ya wasio nayo. Mwanzoni wenye nayo ni wachache, nani ataiona? Katikati wa pande zote mbili ni wengi, mstari unapaa. Mwishoni, nani amebaki wa kuitaka? Pale unapolala ndipo penye somo letu, nawe ukapaficha!"

Kengele ilipolia, Annuarite alikimbia hadi nyumbani. Nahayo alikuwa amekwisha kushika usukani wa baiskeli.

"Baba, ngoja! Nukta za juu ni za uongo. Shuleni karibu wote wana mikoba."

Lwaboshi akaugeukia ukuta. Akachukua kitambaa, akazifuta. "We mtoto! Uongo tumeuzoea kwa wakubwa, si humu ndani."

"Nisamehe, Baba. Lakini kule Lilongwe hakuna aliye na mkoba wetu. Kule mstari bado uko chini."

Nahayo akacheka, akaachia usukani.

Jumamosi Lwaboshi alifunga mikoba kwenye baiskeli, akaenda nayo sokoni Kawale, mjini Lilongwe. Alirudi na baiskeli tupu, mikoba yote imeuzwa, anapiga mluzi.

"Chora mstari mwingine kwenye ukuta wa pili, mama," akamwambia binti yake. "Ukipanda, nionyeshe. Ukilala, nionyeshe vilevile. Wa kweli umenipeleka Kawale. Wa uongo ungeniacha nimekalia magunia, bila baiskeli."