Tela la Kijivu la Wadi Kabir

Jumatano, saa 10:15 alasiri. Ansab, Muscat.

Chumba cha nyuma cha Bi Kheiria kilinuka kitunguu na samli. Alikuwa akipikia watu harusi, na masufuria yake yalipangwa hadi karibu na dari. Kaka yake, Mahfoudh, aliketi mkekani. Mbele yake palikuwa na karatasi moja na penseli.

"Pikipiki nne," alisema. "Zile za mashindano ya mchangani, matairi manne kila moja. Zimo ghalani Bustan. Ijumaa mlinzi huenda kuswali saa sita na robo. Harudi mpaka saa saba. Ufunguo nnao."

Alikuwa nao kweli. Miaka kumi na moja alisimamia magari ya kampuni yenye ghala lile, kabla hawajamwachisha kazi kwa barua ya mistari mitatu.

"Mnunuzi yuko ng'ambo ya mpaka. Njiani kuna vizuizi. Polisi akiziona, atauliza. Asipoziona, hana la kuuliza. Kwa hivyo twataka tela. Si la wazi. La boksi, lenye kuta na paa."

"Nimeshalipata, Mzee," Elikana alisema. Alikuwa dereva wa Mahfoudh tangu alipofika Muscat kutoka Kigoma, mwaka tisini na saba. Sasa ilikuwa elfu mbili na nne. "Liko Wadi Kabir. Jeupe, refu, halina hata mkwaruzo."

Mahfoudh aligeuka. Alimtazama mtu aliyeegemea mlango.

"Leodegar, mwanangu. Wewe wasemaje?"

Leodegar alikuwa fundi wa magari, mtu wa Bukoba, umri miaka thelathini na mbili. Alikuwa na miezi minne tu kundini. "Sijaliona, Mzee," alisema. "Ila tela haliangaliwi rangi."

Mahfoudh alicheka. Elikana alitazama mkeka. Miaka saba amemwendesha mzee huyu, amemlalia korokoroni mara mbili bila kutaja jina lake. Hajaitwa mwanangu hata siku moja.

Bi Kheiria alikuwa akimenya vitunguu saumu pembeni. Alimwona Elikana.

Alhamisi, saa 3:40 asubuhi. Wadi Kabir.

Uwanja wa muuza matela ulikuwa nyuma ya karakana za mabati. Tela jeupe lilimetameta juani. Leodegar hakulisifu wala hakulikashifu. Alilala chali, akaingia chini yake. Alipotoka alipanda ndani, akaikanyaga sakafu kwa kisigino, hatua kwa hatua, mpaka mahali fulani mbao ikalia.

"Imeoza," alisema. "Na lina ekseli moja, matairi mawili tu. Pikipiki nne ni zaidi ya kilo mia saba. Kwenye mlima wa Bustan tairi moja likipasuka, tumekwisha. Halafu milango yake ni ya kufunguka pande mbili. Utazipandishaje?"

"Kwa mbao," Elikana alisema.

"Utatafuta mbao mlinzi yuko rakaa ya pili?"

Mahfoudh alicheka tena.

Leodegar aliwapeleka kwenye tela la kijivu lililojaa vumbi. Ekseli mbili. Mlango wa nyuma ulishuka wote mzima, ukalala chini kama daraja. Sakafuni palikuwa na pete za chuma za kufungia mikanda. Kwenye paa, matundu mawili ya kutoa mvuke wa petroli. Na pembeni, mlango mdogo wa mtu mmoja.

"Huo wa nini?" Elikana aliuliza.

"Wa kutokea. Mtu akiwa ndani na mzigo umemziba nyuma."

"Hakuna mtu atakayekaa ndani. Na hili limechakaa, litatazamwa."

"Linalotazamwa ni jipya."

Mahfoudh aliweka kiganja chake shingoni mwa Leodegar, akakiacha hapo. "Hili," alimwambia muuzaji.

Alhamisi, saa 11:50 jioni. Ansab.

Walimwachia Elikana tela alioshe. Alilizunguka mara mbili na ndoo. Kisha akachukua spana, akachuchumaa kwenye tairi la mbele la kushoto, akazilegeza nati zote tano.

Hakutaka mtu afe. Alijiambia hivyo, na alikuwa anasema kweli. Alitaka tairi litikisike kesho, tela likiwa bado tupu, kabla ya Bustan. Mahfoudh angeona. Kazi ingesogezwa wiki moja, na safari hii tela lingechaguliwa na mwingine.

Ijumaa, saa 5:55 mchana.

Landikruza iliondoka Ansab ikilivuta tela. Elikana kwenye usukani, Leodegar kando yake. Mbele yao Mahfoudh na dada yake katika Korola, kama watu wa familia wanaokwenda kula kwa jamaa. Elikana alikuwa akikitazama kioo cha pembeni kila baada ya dakika moja. Mzunguko wa kwanza wa barabara. Wa pili. Mlima, kupanda, kushuka. Tairi lilikwenda sawa.

"Unatazama nini?" Leodegar aliuliza.

"Tela lako."

Saa 6:21. Bustan.

Mlinzi alikuwa ameondoka. Ufunguo uliingia. Walishusha mlango wa nyuma, wakaanza kusukuma. Pikipiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja ilipanda kama iliyozoea. Ya nne ilipofungwa, pete yake ilitoka na kipande cha sakafu.

"Tuiache," Elikana alisema haraka.

"Haiachwi," Mahfoudh alisema. "Mnunuzi ataka nne."

"Nitaingia niishike," Leodegar alisema. "Tukishavuka mlima tutatafuta kamba."

"Joto, Mzee. Atakufa humo."

Mahfoudh alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kumsikia akimwonea Leodegar huruma. "Ni robo saa. Ingia, mwanangu. Taratibu."

Neno lile tena. Elikana alikuwa amefungua mdomo aseme. Akaufunga. Walipandisha masufuria manne makubwa ya Bi Kheiria nyuma ya pikipiki, waliyokuja nayo ili polisi akifungua aone vyombo vya harusi tu, wakainua mlango, wakakaza komeo.

Saa 6:46.

Elikana alianza kuusikia mlio kabla hawajafika nusu ya mlima. Tak. Tak. Tak. Kwenye kioo aliliona tairi la kushoto likiyumba kama jino la mtoto. Upande huo hakukuwa na ukuta, ni bonde la mawe tu. Tela lilijirusha. Ndani kitu kizito kiligonga, na mtu akapiga kelele.

Elikana alikanyaga breki polepole, akavuta gari pembeni. Alishuka na spana mkononi. Alifungua kwanza mlango mdogo wa pembeni.

Leodegar alianguka nje. Shati lake lilikuwa limeloa kama la mtu aliyetolewa baharini. Mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Usukani wa pikipiki ulikuwa umembana vidole ukutani, viwili vimepondeka.

Korola ilirudi kinyumenyume. Mahfoudh alishuka, akafungua kilemba chake kichwani, akaufunga nacho mkono ule pale pale barabarani, bila haraka, huku akisema maneno ya kumtuliza.

Nati tatu zilikuwa zimekwenda. "Chukua moja moja kwenye matairi mengine," Leodegar alisema huku ameuma meno. "Yatabaki na nne nne. Yatafika." Elikana alifanya alivyoambiwa. Jasho lilimwingia machoni.

Alipoinuka, Mahfoudh alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umejuaje?"

"Nimesikia mlio, Mzee."

"Ulishuka na spana. Hujalitazama tairi, hujainama, spana tayari mkononi. Nimekuona kiooni."

Elikana aliificha spana nyuma ya mguu.

"Nlikwambia tangu Jumatano, kaka," Bi Kheiria alisema kutoka garini. "Huyu ana kijicho. Nawe huku wamwita mwenzake mwanangu mbele yake. Twende, watu wanatoka msikitini."

Mahfoudh alinyoosha mkono. "Funguo."

Elikana alimpa. Alingoja tusi, au kofi. Mahfoudh alimsaidia Leodegar kupanda mbele, akashika usukani mwenyewe, akaondoka. Korola ikafuata, Bi Kheiria kwenye usukani.

Saa 7:32.

Elikana alitembea. Joto la lami lilipita kwenye soli za viatu. Alichokiona akilini si wizi, wala jela. Aliona mikono ya mzee ikizungusha kilemba, mzunguko baada ya mzunguko, kwa upole ule.

Gari la polisi lilisimama kando yake. Askari alikuwa mmoja, Koplo Musallam kwa kibao cha kifuani. Alimsalimu kwa Kiarabu, akasikia jibu lake, akageukia Kiswahili.

"Wewe wa bara. Jua hili wataka kujiua? Ingia."

Alimpa chupa ya maji baridi. Hakumuuliza kitu. Alimsimulia habari za bibi yake aliyezaliwa Tabora, na ugali aliokuwa akiwapikia. Walishuka mlima wote hivyo. Elikana alimaliza maji.

"Kuna tela," alisema. "La kijivu, la boksi. Ekseli mbili. Mlango wa nyuma unashuka kama daraja, kuna mwingine mdogo upande wa kushoto. Kila tairi lina nati nne, isipokuwa moja. Linavutwa na Landikruza. Limeelekea Sohar, njia ya mpakani."

Musallam alipunguza mwendo. "Limebeba nini?"

Elikana akamwambia.

Saa 11:40 jioni.

Polisi waliwakamata karibu na Saham, kabla ya kufika Sohar, pikipiki zote nne zikiwa salama ndani. Elikana alikuwa kwenye benchi la korido ya kituo walipoletwa. Alikuwa amejiandaa. Akiitwa msaliti, angejibu. Angeitaja miaka saba, na korokoroni, na usiku na mchana wa kuendesha.

Mahfoudh alipita amefungwa pingu, kichwa wazi, mvi zikionekana. Macho yake yalimpitia Elikana kama yanavyopitia ukuta. Alisimama mbele ya Musallam.

"Yule mwenzangu, mkono wake umetazamwa?"

"Yuko kwa daktari, mzee wangu. Watamshona."

"Alhamdulillahi," Mahfoudh alisema, akaendelea na safari yake ndani.

Hakuuliza nani aliyewauza.