Kitambaa Kilichosingiziwa

Mtaa wa Aggrey ulikuwa umejaa, hata pa kutia mguu hapana, na bado Ignasi alimwona yule binti. Gauni la kitenge cha njano lilikuwa limemkaa barabara. Mikononi amepakata kompyuta kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na watu walimpisha kama wanavyompisha mwenye mtoto mchanga.

"Dada, huyo bibi harusi unampeleka kwa nani?" Ignasi aliuliza kutoka kwenye meza yake ya ufundi.

"Nampeleka kwa fundi asiye na maneno mengi. Unamjua?"

"Namjua. Leo hayupo, nimeshika nafasi yake mimi."

Binti akacheka, na mwanya wake ukaonekana. Ni huo mwanya uliommaliza Ignasi. Jina lake Selina, anakaa Ilala na mama yake, kazi yake kuhariri video za harusi, na kompyuta yake ilikuwa inazidiwa na joto. Miaka ile Kariakoo ilikuwa inapokea kila kitu kutoka Dubai na China, hata vipozeo vya maji vya kompyuta, ila mafundi wengi waliviogopa. Ignasi hakuviogopa. Akamfungia kimoja: pampu ndogo ya kuzungusha maji, mipira miwili, rejeta ya kupoza maji hayo na feni mbili. Akamwonyesha kwenye kioo mstari unaoziamuru feni: joto likipanda, nazo ziongeze mbio. Kisha akaibeba mwenyewe mpaka Ilala, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja mwingine.

Mapenzi hayakuchelewa. Kila siku saa nne asubuhi, Selina akiiacha mashine ifanye kazi yenyewe, Ignasi alimpigia simu. Wataniane weee, waitane majina ambayo mama mtu akiyasikia ataziba masikio. Tatizo lilikuwa feni. Kazi ikikolea zilinguruma mpaka zikameza maneno yote matamu. Selina akisema jambo, Ignasi aliitikia "eeh" bila kujua ameitikia nini. Kumwomba arudie aliona aibu. Mwanamume gani anamwambia mpenzi wake arudie mara tatu kwamba amemkumbuka?

Basi Jumapili moja alipokwenda kuwasalimia, akajifanya anaikagua mashine. Akaushusha ule mstari mpaka chini kabisa, feni zikazunguka kwa kusinzia. Pampu nayo, ambayo kwa uvivu alikuwa ameiunga kwenye mstari huohuo, ikapunguza mbio. Alijua kazi nzito ingeipasha mashine moto. Akajiambia atarekebisha wiki ijayo. Kesho yake sauti ya Selina ikamfikia nyororo, hata pumzi zake alizisikia, na ile wiki ijayo akaisahau. Ukipenda, chongo huita kengeza. Fundi akipenda, moto huuita uvuguvugu.

Mashine ilijizima Alhamisi, video ya harusi ya Nayna wa Upanga ikiwa hatua ya mwisho. Ilipowaka tena, kazi ya wiki mbili ilikuwa imeharibika na haifunguki. Ndugu zake Nayna, waliokuwa wamemwahidi Selina harusi nyingine tatu za ukoo wao, wakatafuta mtu mwingine.

Ignasi alifika mbio. Kosa alilijua hata kabla ya kushika bisibisi. Selina alikuwa amesimama pembeni, macho mekundu, akimuuliza amekosea wapi. Hapo ndipo macho ya Ignasi yalipotua kwenye kile kitambaa. Siku hizo Mama Selina alikuwa anakitandika juu hata mashine ikiwaka, vumbi lisiingie. Kilikuwa matundu matupu, hewa ingepita bila kubisha hodi.

"Itakuwa hiki kitambaa," Ignasi alisema. "Kimeziba hewa."

Lilitoka hilo, na halikurudi.  Siku sita simu za saa nne hakupiga, na za Selina alipokea kwa kujikanyaga. Siku ya saba akaenda Ilala.

Sebule ilikuwa uchi. Vitambaa vyote vilikuwa vimeondolewa, vya makochi, vya redio, vya televisheni, hata cha juu ya friji. Mama Selina alikuwa amekaa, mikono mapajani, bila uzi wala sindano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Usiogope, vyote nimevitoa. Sisi watu wa zamani tunadhani tunapamba, kumbe tunaua vitu vya watoto."

Ignasi akapiga magoti palepale. Akamwambia si kitambaa, ni yeye. Akaeleza habari ya feni na pampu, huku Selina amesimama mlangoni anasikiliza. Mwisho akaitaja sababu.

"Nilitaka nimsikie Selina vizuri kwenye simu."

"Kama ulikuwa hunisikii," Selina alisema polepole, "si ungeniambia nipaze sauti?"

 Mama Selina akamwambia Ignasi ainuke, amemsamehe. Lakini Selina alikuja akapiga magoti pembeni yake.

"Mama, siku ile nilikwambia umenirudisha nyuma maisha yangu yote. Nisamehe."

Ignasi alitamani ardhi ipasuke. Binti wa watu alikuwa anaomba radhi kwa maneno ambayo asingeyasema kamwe, lau yeye angekuwa na ujasiri wa dakika moja. Aibu hiyo ilimuuma kuliko yote ya siku sita.

Selina alimsindikiza mpaka nje. Ignasi akamwambia alichokuwa amekipanga, kwamba mwezi ujao mjomba wake alikuwa alete barua ya posa.

"Asilete," Selina alisema.

"Mama amenisamehe, Seli."

"Mama umemwonea mara moja. Mimi ningeishi na wewe kila siku. Kila kitu kikiharibika ndani ya nyumba, ningekaa najiuliza safari hii umemsingizia nani." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nakupenda, Ignasi. Nenda."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Ignasi alisimama pale nje mpaka muuza maji mwenye mkokoteni akamwomba apishe njia.